Papa, Moto Wetu Umeitwa

Papa wangu mpendwa,

Kaa vizuri huko uliko, maana habari hii ingekuinua kitini. Wametuita! Jumapili iliyopita, katika uwanja wa kanisa la Valsorga, mbele ya watu wote, jina la nyumba yetu limeitwa na limeitikiwa, na safari hii hakuna aliyetuambia tunyamaze. Nakuandikia haraka kabla furaha haijapoa, kwa sababu nikitulia nitaanza kuandika kwa adabu, na leo sina haja ya adabu nyingi. Niko jikoni kwangu hapa Tensta, Uswidi, dirisha liko wazi, jirani wa chini anapiga muziki wake, na sauti yangu bado inakwaruza kwa makelele niliyopiga.

Najua ungeniambia nianze mwanzo na nisirukeruke. Mwalimu ni mwalimu tu. Basi naanza mwanzo, tena kwa faida ya mjukuu wako Neema, ambaye ameegemea bega langu, anasoma, na kila mara ananiuliza kwa Kiswidi neno hili maana yake nini.

Unakumbuka siku tuliyofika? Watu wa kanisa waliotutoa kambini Uganda walikuwa wametuambia kwamba tunapelekwa kwenye mji mdogo wa Italia. Mimi nilifikiria mji wenye maduka na taa. Basi dogo likapanda kona baada ya kona, Mama akatapika ndani ya mfuko, na tuliposhuka tukakuta nyumba za mawe zilizoezekwa kwa mawe, mnara wa kanisa wenye pembe nne, mto chini kabisa, na baa moja iliyofungwa. Meya akatukabidhi ufunguo wa Ca' Rondina, nyumba ambayo wenyewe walihamia Argentina zamani sana. Ulisimama mlangoni, ukautazama mteremko, ukatazama kilele chenye theluji, ukasema: "Bon. Mungu ametuzungusha dunia yote, halafu ametushusha mu mulima tena." Mama akajibu kwamba kama ni milima, si wangetuacha tu kwetu Kongo, juu ya Uvira. Mlicheka wote wawili hadi meya naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Nilikuwa msichana mkubwa tayari na nilikuwa nimenuna, lakini wewe kila Jumamosi ulinishika mkono kunionyesha nchi. Ulijifunza Valsorga kama ulivyokuwa ukijiandaa kufundisha darasa la tatu. Ulinipeleka kwenye lile daraja la mawe lenye mgongo, ukanieleza kwamba zamani wachungaji walivusha kondoo hapo kwenda kwenye malisho ya juu. Ulinionyesha kuta nyeusi za kijiji cha juu, nyumba zilizochomwa na askari wakati wa vita, na wenyewe wakarudi kujenga upya pembeni yake bila kuzibomoa zile za zamani. Ukaniingiza ndani ya mti ule mkubwa wa kokwa za kuliwa wanazoziita castagne, mti uliotoboka tumbo, tukaenea wote wawili. Na ukutani kwa kanisa ukanisomea majina ya vijana wa Valsorga waliokwenda Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe wasirudi. Kisha ukasema hawa nao walikuwa wakimbizi, ila walikimbia njaa.

Hapo ukutani ndipo mlipojuana na mzee Aldo. Alikusikia unasoma, akakusalimia kwa Kifaransa. Mimi nilidhani naota. Yeye alikipata Kifaransa chini ya ardhi, kwenye migodi ya Ubelgiji. Wewe ulikipata kwa sababu Wabelgiji hao hao waliwahi kuja kwetu wakakiacha mashuleni. Mkawa marafiki papo hapo, na nafikiri urafiki wenyewe ulijengwa kwa kuwasema Wabelgiji. Jioni nyingi mlikaa mbele ya baa mnawasengenya, Papa, usikatae.

Aldo ndiye aliyekueleza habari ya moto. Valsorga ya zamani haikuhesabu watu, ilihesabu moto. Nyumba ambayo meko yake yanawaka majira yote ya baridi, hiyo ni moto mmoja, na kila moto una haki ya kuni za msitu wa wote, haki ya malisho ya juu, na sauti moja kwenye mkutano. Mambo mengine yote yamebadilika, lakini hilo wamelishika. Kila mwaka baridi ikiisha, baada ya misa, watu husimama uwanjani na mmoja huita majina ya nyumba. Jina huitwa mara tatu. Mwenye nyumba akiitika "Presente", yaani nipo, anahesabiwa. Na nyumba ambazo moto wake ulizimika nazo huitwa, kwa heshima tu. Wazee huvua kofia, kimya kinapita, kisha jina linalofuata.

Hayo ya kofia hukuwa umeambiwa bado, ule mkutano wa kwanza tuliokwenda kutazama. Neema, sikiliza vizuri, hapa ndipo babu yako alipolikoroga. Aldo, ambaye ndiye mwitaji, akaita: "Ca' Rondina!" Kimya. Wazee wakavua kofia. Wewe ukatazama kulia, ukatazama kushoto, huamini macho yako. Maana sisi tulitoka kambini, na kambini jina likiitwa kwenye mgao wa chakula halafu watu wakakaa kimya, familia nzima inalala njaa. Kwa hiyo tulikuwa tunaitikiana. Mama fulani amekwenda kuteka maji, jirani anapaza sauti kwamba yuko, anakuja! Hakuna jina lililoachwa kudondoka chini. Aldo akaita mara ya pili. Mara ya tatu ukashindwa kuvumilia, ukanyoosha mkono juu, ukaitika kwa ile sauti ya kunyamazisha darasa: "Tuko!"

Njiwa waliruka kutoka mnarani. Baadhi walicheka. Bruno, mwenyekiti wa mkutano, alibadilika rangi mpaka shingoni. Bibi mmoja alifanya ishara ya msalaba, kwa sababu kwake yeye ni kama wafu wa Argentina wameitika. Aldo alisimama na karatasi yake mkononi, halafu akaita jina lililofuata kwa haraka. Tulirudi nyumbani Mama anakusomea: "Umeitikia bantu benye kufa! Sasa batakuja kulala na sisi!"

Ulitubu sana mchana huo. Ulizunguka kuomba radhi kwa mzee mmoja mmoja, kofia mkononi. Lakini jioni, tukiwa tumekaa mbele ya meko, nilikuona unafikiri. Ukachochea kuni, ukasema: "Mais, nyumba banaita ni hii. Moto iko ndani. Moshi inatoka, kila mutu anaiona. Sasa kwa nini bananyamaza?" Tangu jioni hiyo hukuliacha tena.

Ulipeleka ombi kwamba moto wetu uhesabiwe. Mkutano ukakataa. Wakasema msitu ni wa koo zao, moto ni damu. Aldo naye, rafiki yako, aliinua mkono pamoja na waliokataa, na jioni alikuja kunywa divai kwetu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilitaka kumfungia mlango. Wewe ukamwekea kiti. Akakueleza kwamba walipokuwa Ubelgiji moto wa nyumbani kwao ulizimika, na waliporudi baba yake alisimama pembeni ya uwanja miaka mingi kama mgeni, katika kijiji alichozaliwa, kabla ya kuitwa tena. Kama wao hawakuhurumiwa, alisema, hawezi kuhurumia mtu. Ulinitafsiria maneno hayo kwa upole kabisa, na mimi nilizidi kukasirika.

Basi kila mwaka ukawa unapiga pasi koti lako la kijivu, unakwenda. Jina la Ca' Rondina likiitwa, kwa kuwa ulikuwa umekatazwa kuitika, ulipiga hatua moja mbele na kusimama tu. Mikono nyuma, midomo umeifunga. Wazee wamevua kofia kwa ajili ya moto uliokufa, na mwenye moto amesimama mbele yao mzima mzima, ananukia moshi. Nilikuambia siku moja tunarudi: Papa, achana nao, kuni tutanunua. Ulisimama katikati ya daraja. "Kuni? Mimi sina shida ya kuni. Tangu tukimbie, jina yangu iko pa liste ya bantu ba kusaidiwa. Natoka pa liste moja, naingia pa ingine. Mara moja tu, mwanangu, nataka baniite pa liste ya benye nyumba." Nikakushika mkono, tukamalizia njia.

Baadaye mimi nikaolewa na Éric, nikamfuata huku Stockholm, nikapata kazi ofisini Kista. Kila nilipokukaribisha Krismasi uliniuliza swali moja tu: "Na moto?" Ulikubali kuja wakati wa kiangazi peke yake. Bado Éric anasimulia ulivyoyazunguka maghorofa ya Tensta umeinua kichwa, unatafuta mabomba ya moshi. Ulipoambiwa joto linatoka kwenye mabomba ya maji ukutani, na majiko ni ya umeme, ulisikitika kwa dhati. "Sasa hawa, bakitaka kuwahesabu, banahesabu nini?" Ni duka moja tu la Rinkeby, mtaa wa jirani, lililokufariji, ulipokuta ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, kwenye gunia ukataka kumkumbatia muuzaji.

Siku ya mazishi yako sijawahi kuiandika, lakini leo naweza. Theluji ilikuwa imefika magotini. Mama alikataa katakata kutoka nyumbani mpaka mtu abaki na moto, kwa kuwa wewe usingependa urudi, alisema hivyo, "urudi", ukute meko yamepoa. Tulibishana naye mlangoni, jeneza liko tayari nje. Ndipo Aldo akavua makoti yake mawili, akavuta kigoda chako, akakaa mbele ya meko na kuchukua koleo. Hakukuzika, Papa. Alikosa mazishi ya rafiki yake ili moto wako usizimike, yeye aliyekupinga mwaka baada ya mwaka. Tuliporudi tulikuta nyumba ina joto, na macho yake mekundu. Alisema ni moshi.

Sasa nikupe sababu ya kuitwa, wala sitaipamba. Watu wa Valsorga hawakuamka siku moja na mioyo mipya. Waliishiwa. Sheria yao wenyewe inasema moto wenye kuitika ukipungua chini ya kumi na mbili, msitu unaondoka mikononi mwao na kusimamiwa na serikali. Mwaka huu bibi aliyekuwa wa kumi na mbili alichukuliwa na mwanawe mjini. Basi jioni moja Mama akasikia mtu anagonga. Bruno! Na keki! Mama akamwacha asimame kizingitini kwanza, baridi imuingie kidogo, ndipo akamkaribisha. Akamwambia kwa Kiitaliano chake kile kisicho na breki: "Sasa mnatuhitaji." Bruno akasema ndiyo. Mama akasema vizuri, mradi tumeelewana, kisha akaikata keki.

Kuna rafiki yangu hapa aliyeniambia ningekataa, kwamba ni dharau kukumbukwa siku ya shida. Nilimwambia yeye hajaijua Valsorga. Hakuna moto hata mmoja uliowahi kuhesabiwa pale kwa mapenzi. Wote walihesabiwa kwa sababu mlima ni mkali, na mtu peke yake hawezi kuufyeka msitu wala kuifungua njia ya theluji. Kuhitajiwa ndiyo heshima yenyewe. Ulilitaka hilo, na umelipata hilo hilo.

Walipopiga kura, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Aldo. Mama ananiambia alisema maneno machache tu: "Nimemkatalia rafiki yangu miaka yote hii. Nimechoka kukataa." Akakaa.

Nami sikuweza kusafiri Jumapili ile, kwani ilikuwa zamu yetu ya kupika chakula cha baada ya ibada, kwenye ule ukumbi wa Rinkeby ambao kanisa letu linakodi. Nilikuwa nakoroga maharage na Mama Chantal wa Bujumbura, Wanjiru wa Nakuru yuko kwenye chai, simu imesimamishwa kwenye mkebe wa sukari. Mama alikuwa ameishika yake juu, pale uwanjani, na ilionyesha zaidi kidevu chake na mawingu. Neema akaingia mbio, akauliza kuna nini. "Vad är det som händer, mamma?" Nikamwambia asogee, bibi yake anaitwa.

"Ebu weka sauti juu, tusikie!" Wanjiru akasema.

Tukasikia majina yanaitwa moja baada ya jingine, na "Presente" za wazee, nyingine nzito, nyingine za kukohoa. Kisha sauti ya Aldo, imezeeka sana, Papa, ungeihurumia: "Ca' Rondina!"

Kimya.

Mama alikuwa analia. Tuliona kidevu kinatikisika. Aldo akaita mara ya pili. Kimya. Mama Chantal akashika kichwa, mwiko mkononi, maharage yanamdondokea begani: "Yoo, Mungu wangu, Mama, itika!" Nami nilijua wakiita mara ya tatu na asiitike wanapita, na moto wetu unangoja mwaka mwingine. Aldo akavuta pumzi akaita mara ya tatu, akalitamka jina polepole kadiri alivyoweza, na mimi sikuamua chochote, kinywa chenyewe kilifunguka: "Tuko!" Wanjiru naye, "Tuko!" Mama Chantal, "Tuko!" Neema, ambaye hunijibu Kiswidi mwaka mzima, alipiga "Tuko!" kubwa kuliko zote. Simu ya Mama ikalipuka katikati ya uwanja wa Valsorga kwa sauti za wanawake wa Rinkeby, na nikasikia watu wanacheka, na mbwa wanabweka.

Halafu nikasikia sauti ya Bruno. Anasema hapana, hapana, simu haiwezi kuitika, anayeitika lazima awe amesimama uwanjani.

Mungu ambariki Bruno kwa kiherehere chake. Machozi ya Mama yalikauka hapo hapo. Picha ikayumba, tukaona viatu, tukaona mawe ya uwanja, kwa maana alikuwa ameishusha simu ili apate nafasi. Na kutoka huko chini tulimsikia: "Presente! Nimesimama hapa, hamnioni? Na mume wangu alisimama hapa kabla yangu! Presente!"

Sijui kama unajua vigelegele vya jikoni kwetu vilikuwaje. Watu wa kwaya walitoka ukumbini wakidhani mtu amejifungua. Wanjiru aliwaeleza kwa Kiswahili, akawaeleza tena kwa Kiingereza, na kila mara alikuongezea sifa ambazo hukuwa nazo. Sasa hivi watu wa Rinkeby wanaamini ulikuwa chifu. Mchungaji akatusimamisha mbele, na maharage yaliungua kidogo chini. Waliyala yote.

Jioni Mama akanipigia tena. Nikakaa vizuri nisikie furaha yake. Kumbe baada ya kuitwa kuna kupiga kura ya sehemu za kuni, kila moto unachota namba ya kipande chake cha msitu. Na Mama alikuwa amewaka. Kipande chetu kiko juu kabisa, chini ya ule mwamba, njia imekatika, hata mbuzi angefikiria mara mbili. Bruno amepata cha kando ya barabara, kama kawaida yao. "Batuonee vile? Mwaka kesho nitasimama pa mkutano niseme! Batajua!" Akaendelea hivyo, mti kwa mti, na mimi nimeshika simu kwa mikono miwili, sitaki amalize.

Maana tangu tushuke kwenye lile basi, Papa, nilikuwa nimemsikia Mama akisema neno moja tu kwa watu wa Valsorga. Asante kwa nyumba. Asante kwa blanketi. Asante kwa dawa, kwa viatu vya mtoto wa mtu, kwa viazi, kwa jeneza lako. Jumapili hii alilalamika kutwa nzima, kwa sauti, kama mwenye nyumba yoyote wa pale, wala hakumshukuru mtu.

Tunapanda Julai kwenda kukata kuni zetu mbaya. Éric hajawahi kushika shoka na tayari anajigamba. Pumzika sasa, Papa, ukae chini hatimaye.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza, wa Ca' Rondina